Skrinshoti zimejaa kwenye simu, nikiitaka moja naipataje?

BintiNewala
Habari za jioni wadau. Nipo Newala, nawasaidia wazee wa kwetu mambo ya korosho maana wengi simu zao za batani, kwa hiyo bei ya mnada ikitupwa kwenye grupu la WhatsApp napiga skrinshoti, meseji ya malipo ikiingia napiga, karatasi ya mzani nayo naipiga picha, sasa zimefika elfu tatu na kitu zote mchanganyiko. Juzi mzee kaja kuuliza mnada wa pili bei ilikuwaje, tumekaa barazani naperuzi mpaka chai ikapoa, sijaiona. Imeniuma kweli, yule mzee ananiamini. Simu ni Android ya kawaida.

FundiLigula
Pole dada. Usitafute kwa macho, tafuta kwa maneno. Google Photos inasoma maandishi yaliyo ndani ya picha, andika "mnada", au kiasi kama kilivyo kwenye meseji, mfano 485,000 na mkato wake, inakuletea. Wengi inawagomea kwa sababu bakapu, yaani nakala za picha zinazotunzwa mtandaoni, inachukua picha za kamera tu, folda ya Screenshots mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya bakapu. Bure unapata GB 15, ukichanganya na Gmail. Ila skrinshoti yenye namba ya siri usiiache humo, futa. Na mwandiko wa kalamu inausoma kwa shida, hizo karatasi zitakusumbua.

Nachingwea_1
Kwa karatasi fanya kama mimi, maana huku bando linaisha na mtandao unakatakata. Najitumia mwenyewe WhatsApp, unafungua chati ya namba yako, unatuma picha na chini yake unaandika "babu jirani, mnada 2, kilo 340". Siku ukiitaka unatafuta "kilo 340" inakuja hata data ikiwa imezimwa. Andika palepale lakini, ukisema nitaandika jioni ndo imeshapotea hiyo.

BintiNewala
Ahsanteni sana jamani. Folda kweli ilikuwa imezimwa! Nimewasha usiku kwa waifai ya shangazi, leo mchana nimeandika "mnada" zimekuja kama 40, nikaenda mpaka za Oktoba, ya mzee hii hapa. Nimeshampigia, kesho asubuhi anakuja. Karatasi naanza leo moja moja.