Jina la Morse limo kwenye mdundo

*Ukoo wa Bi. Kibibi*

Asha: Shikamooni. Muziki wa mwanzo wa Inspector Morse, ile tamthilia ya upelelezi ya Uingereza, unataja jina la mpelelezi wapi? Sisikii neno hata moja.

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba. Halitamkwi mwanangu, linagongwa. Mtunzi, Barrington Pheloung, alilipanga kwa alama za Morse, ambazo kila herufi ni milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari). Andika kwanza:
M — —
O — — —
R · — ·
S · · ·
E ·

Asha: Nikigonga mezani napata vistari vitano mfululizo.

Ba'mdogo Hamisi: Umeunganisha M na O, na vistari vitano ni sifuri. S na E nazo zikigusana ni nukta nne, yaani H. Kazi kubwa iko kwenye kimya. Kistari kina urefu wa nukta tatu. Ndani ya herufi nyamaza nukta moja, kati ya herufi na herufi nyamaza nukta tatu.

Shangazi Mwanaidi: Na usifuate sauti inavyopanda na kushuka, Asha. Herufi ni urefu wa mlio tu. Ukipotea, punguza kasi ya video iwe 0.75. Milio na vimya vyote vinarefuka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo herufi haziharibiki.

Juma: Ni kweli hata muuaji anatajwa humo?

Shangazi Mwanaidi: Katika baadhi ya vipindi, ndiyo, ila si kwenye utangulizi. Jina hufichwa kwenye muziki wa katikati ya hadithi. Lakini Pheloung mara nyingine aliweka jina la mhusika mwingine kusudi akupoteze, kwa hiyo jina ulilolisoma usilichukue kuwa ushahidi. Ndiyo maana naupenda muziki ule, unapeleleza pamoja na Morse na msaidizi wake Lewis.

Ba'mdogo Hamisi: Tena unamfaa mwandishi wa hadithi zenyewe. Colin Dexter alipokuwa jeshini alikuwa fundi wa kupokea alama za Morse kwa kasi. Ajabu ni kwamba jina la mpelelezi halikutoka huko, alilichukua kwa Jeremy Morse, bingwa wa chemshabongo.

Asha: Nianze na kipindi kipi?

Ba'mdogo Hamisi: The Dead of Jericho, cha kwanza kabisa, Januari 1987. Vyote ni 33, mpaka 2000.

Asha: Na jina lake la kwanza, limo pia?

Shangazi Mwanaidi: Halimo. Endeavour lilisubiri hadi 1997, kwenye kipindi cha Death Is Now My Neighbour.