Kuzuia nguo mpaka nilipwe si wizi! Watu wa Lamu mtuheshimu mafundi

Jamani, leo nimechoka na sinyamazi. Mimi ni fundi cherehani huku Langoni, mwaka wa kumi na tisa huu. Wiki iliyopita mteja kanijia dukani na askari. Na askari! Kisa joho ambalo nimelitia bitana mpya, nikalipunguza mabega, nikairudia tarizi ya zari iliyokuwa imefumuka shingo nzima. Siku nne, na zari nimenunua mimi. Tulipatana 2,800. Katoa 500, na joho alitaka jioni ileile aendee arusini. Nikamwambia bwana, malizia. Akaniita mwizi, mamangu yuko baraza ya pili anasikia.

Askari akasema, "Mpe mzee mali yake, mambo ya deni mtajuana." Nikampa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Maana nilipokwenda kwa wakili kuuliza, akanambia fundi aliyetia kazi yake kwenye kitu ana haki ya kukizuia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Ila haki hiyo inakaa na kitu mkononi. Ukishakitoa imekwenda, umebaki mdai kama wadai wengine. Nami nimeshatoa! Sasa nifunge duka, nikafungue kesi ya madai madogo kwa 2,300?

Na sisi mafundi na madobi tusijidanganye. Huwezi kulishika joho la leo kwa deni la kanzu ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ile kazi ulishaitoa. Wala kuzuia si kuuza. Vile vikaratasi vya "ikipita mwezi tunauza" tunavyobandika ukutani, tusivitegemee: iko sheria ya mali zisizochukuliwa, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, na inataka mwenyewe apewe notisi kwanza. Mimi nina kanzu kumi na moja kabatini, nyengine zimo tangu kabla ya korona. Nazianika, nazifukuzia mende, unyevu wa bahari mnaujua. Kila nikipiga simu, "nakuja Ijumaa." Na siku akija akikuta doa, mlipaji ni mimi!

Mwizi hapa ni nani?

Wewe uliyekuja na askari, najua humu unapita. Salio ni 2,300. Duka unalijua, na safari hii njoo peke yako.