Rubani anabahatisha kiti cha kumfikisha kazini, halafu anatakiwa aripoti akiwa amepumzika

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira kwa sababu jambo hili limevumiliwa mno.

Sisi marubani tunaoishi mbali na vituo vyetu vya kazi husafiri kama abiria wa kusubiri nafasi, yaani tunapanda ikiwa tu kiti kimebaki baada ya waliolipa nauli kuingia. Umesimama langoni na sare yako, viti viwili viko wazi na jina lako ni la pili. Mara anatokea mwenzako aliyekutangulia kuajiriwa, jina linashuka, na kabla hujatafuta safari nyingine unaambiwa kuwa ndege imebeba mafuta ya ziada kwa ajili ya hali mbaya ya hewa, hivyo kwa sababu ya uzito hata kiti kilichobaki kitaondoka kitupu. Kiti cha ziada cha chumba cha marubani nacho kimeshachukuliwa.

Ndiyo maana tunaondoka nyumbani siku moja kabla ya zamu, bila malipo, na kulala katika vyumba vya kuchangia tunavyovilipia wenyewe. Kampuni ikikusafirisha yenyewe kama abiria kwenda kuchukua ndege mahali pengine, kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2014 huhesabu muda huo kuwa kazi. Ukijisafirisha kutoka nyumbani hadi kituoni, hata ukikesha njiani, huhesabiwi kitu, na saa 10 za mapumziko kabla ya zamu zinaweza kuliwa na safari hiyo.

Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi Newark kwa ndege za mizigo. Wachunguzi walisema uchovu huenda ulipunguza umakini wa marubani wale, ingawa hawakuweza kubaini ulichangia kiasi gani. Ni onyo gani jingine linalosubiriwa?

Baadhi ya mashirika humlinda rubani aliyepanga safari mbili zenye nafasi akakosa zote: haandikiwi kosa la kutofika kazini. Kwetu kipengele hicho hakipo. Kampuni inafunga kituo, inakupangia kingine mbali na watoto wako wanakosoma, na ukidai angalau kiti cha uhakika unajibiwa kwamba mahali unapoishi ni hiari yako.