Wababa wanatakiwa kwa CPN (kliniki ya wajawazito) na kwa fakture, siku ya kuzaa wanafungiwa mlango!

Wana Bukavu, na ndugu wa Goma mnaopita humu, salama. Naandika na hasira, mtanivumilia lugha.

Kwa CPN wimbo ni mmoja: "Mama, kuja na baba." Anayekuja na mume anapitishwa mbele ya foleni, wanapimwa damu pamoja, wanafundishwa hatari za mimba. Wangu akaomba ruhusa kazini, akaja, akasikiliza vizuri. Haya. Uchungu umenikamata usiku, tumefika maternite: "Baba, wewe baki nje." Akabaki barazani na kapu la vikwembe na termosi. Alikuwa anaitwa kwa glavu, kwa serumu, kwa pesa. Kwa hayo mwanaume hakatazwi!

Ndani, munganga mmoja na sisi wamama tunalia kwa zamu. Nikaomba mtu anikande mgongo tu. Jibu: "Wakati ule wa raha ulipiga kelele hivi?" Wamama, hiyo sentensi mnaijua. Mume wangu angekuwa amesimama pale, angethubutu kuitoa?

Sababu yao ni kwamba vitanda vimekaribiana, mwanaume ataona wamama wengine. Naielewa kabisa, hata mimi sitaki mume wa jirani anione vile. Lakini dawa yake si pazia? Kamba, misumari, vitambaa viwili. Tunalipia kitanda, tunalipia karatasi, tunalipia mpaka pamba. Pazia ndilo limeshindikana?

Na msiniletee "hayo mambo ya wazungu". Tangu 2018 OMS, shirika la afya la dunia, inashauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, tangu uchungu mpaka mtoto anatoka: mume, mama mzazi, dada, yeyote. Mwaka uliotangulia, 2017, watafiti walijumlisha majaribio 26 ya wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo muda wote, uchungu wao ulipungua urefu na waliopasuliwa tumbo walikuwa wachache zaidi. Bei ya kupasuliwa kwetu hapa nani asiyeijua?

Nyie wababa nanyi, msicheke. Kuna wanaoufurahia sana huo mlango. Anamwacha mke pale na mama yake, yeye moja kwa moja nganda, kunywa pombe: "Mtanipigia akitoka." Kesho anaposti picha ya mtoto, pongezi zote zake. Ulituma pesa, aksanti, lakini pesa haikandi mgongo. Ni nyie mnaofanya wanganga waseme wanaume wenyewe hawataki kuingia, na wangu anafukuzwa kwa ajili yenu.

Sasa niko na mimba tena na tarehe inakaribia. Mwenye kujua maternite penye mume anaruhusiwa mpaka ndani, iwe Kadutu, Ibanda ao Bagira, aandike hapa chini, na aseme kama walimwomba kitu cha ziada. Wa "vumilia mama, sisi wote tulipita hapo", mpite tu.