Mwalimu kukatisha mkataba Oman: haki yake au utoro?

Mnyasa: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anafundisha hesabu shule moja ya binafsi Ibri, mkataba miaka 2, ana miezi 7 na hataki tena. Karatasi ilisema vipindi 18 kwa wiki, kafika anapiga 29 na alfajiri anapanda basi kusimamia watoto, pasipoti iko kabatini kwa mudiri (mkuu wa shule). Kapanga aje likizo ya Idi halafu ndo basi. Baba anasema huo ni utoro, mkataba ni amana. Nyie mnaonaje?

Kobe Mkwezi: Aje tu. Mkataba wameuvunja wao, yeye anaokota vipande.

Shamte: Mzee yuko sahihi, ahadi ni deni. Watoto wa watu anamwachia nani katikati ya muhula? Ila hawa walimu wetu wa voda fasta, mtu kazoea kuingia darasani saa nne kaandika notsi ubaoni kasepa, vipindi 29 lazima vimtoe jasho.

Mama Tatu: Shamte nilikuwa nakusoma vizuri mpaka hapo. Voda fasta ni mimi. Sekondari za kata zimeota kila mahali walimu hakuna, tukatolewa form six tukapigwa msasa wiki chache tukatupwa vijijini, mimi peke yangu bailojia na kemia form one mpaka form four, darasa moja watoto 80, maabara ni ndoo na chumvi. Digrii nimekuja kusoma kwa hela yangu. Wewe ulikuwa wapi??

Shamte: Mbona povu, nimekutaja jina?

Mama Tatu: Umetaja ukoo mzima.

Otis254: Nyinyi mnachezea pesa. Huku kwetu Kenya intern wa JSS (sekondari ya chini) na digrii yake alikuwa anaenda nyumbani na shilingi 17,000 kwa mwezi, mpaka wakaingia barabarani 2024. Huyo kijana wa Ibri analipwa ngapi?

Mnyasa: Riyali 400.

Otis254: Ati 400? Hiyo ni zaidi ya dola 1,000! Mwambie aendeshe hilo basi kabisa.

Kobe Mkwezi: Haha kumbe tatizo lenu njaa. Kwahiyo ukilipwa vizuri pasipoti ikae kabatini kama sahani za wageni?

Bint Ruwi: Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat mwaka wa 11, msimpoteze kijana. Akenda likizo asirudi, mudiri anaweza kumripoti kuwa kaacha kazi, na siku akitaka kazi nyengine Oman huenda likamletea taabu. Mtamwambia NOC, ile barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani, imefutwa Januari 2021, kweli, lakini nafuu ile ni ya aliyemaliza mkataba au kuuvunja kwa taratibu, si aliyetokea dirishani. Na pasipoti kuishika bila ridhaa yake ya maandishi si halali, hapo ndipo pa kuanzia, ashitaki wizara ya kazi, atoke na karatasi zake na kiinua mgongo chake kama kinamstahiki.

Shamte: Turudi kwenye hoja. Mama Tatu, mwalimu wangu wa bailojia alikuwa voda fasta na nilipata F, sasa nisiseme?

Mama Tatu: F uliandika wewe au yeye?

Kobe Mkwezi: 😂😂 Mtu kazimwa

Otis254: Kwani voda fasta ni nini jameni, si ni kredo ya simu?

Shamte: Ndo hivyo, unarushiwa unatumia hapohapo.

Mama Tatu: Na hukuweza kupata hata D ya kurushiwa.

Mnyasa: Jamani dogo ananiuliza wadau wamefikia wapi, nimemjibu wako kwenye F ya Shamte.

Mama Tatu: Samahani mwanangu. Mwambie apige picha ratiba ya vipindi vyote 29 na mkataba wake, leo hii, kabla mudiri hajabadilisha. Halafu amsikilize huyo dada wa Ruwi. Na Shamte sijamaliza na wewe.