Kwa nini ndoo za kunawia mikono ziliondoka milangoni mapema vile, na tufanyeje kabla ya mlipuko mwingine?

Mhudumu wa Afya, Bahi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majukumu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mojawapo ya kata za Wilaya ya Bahi. Naomba mawazo yenu juu ya jambo linalonikosesha raha tangu Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza hapa Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo, mkoani Kagera. Siku zile nilipita kwenye kaya ninazozihudumia kuwakumbusha watu kunawa mikono na kutoa taarifa mapema mtu anapopata homa kali, na jibu nililopewa katika nyumba nyingi lilikuwa lile lile: Kagera ni mbali, na hata corona ilikuja ikapita. Marburg ilidhibitiwa na mwezi Machi ikatangazwa kuwa imekwisha, lakini sitaki kuamini kwamba hilo ndilo jibu tulilobaki nalo.

Mtakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, shule zikafungwa siku iliyofuata, na haukupita muda kabla ya kila duka, zahanati na ofisi ya kijiji kuwa na ndoo ya koki mlangoni pamoja na kipande cha sabuni. Watu walinawa bila kusukumwa, na wazee ambao kwao kumpa mgeni mkono ni heshima isiyokosekana walikubali kusalimiana kwa mbali. Kisha, ndani ya miezi michache tu, ndoo zile zikarudishwa ndani kuchotea maji, barakoa zikashuka kidevuni, na chanjo ilipofika mwaka 2021 wengi waliikwepa. Je, ni elimu iliyopungua, ni shida ya maji, ni imani, au watu walipima wenyewe wakaona hatari si kubwa? Nauliza kwa sababu mlipuko mwingine ukitokea, nitatumwa kubisha hodi kwenye milango ile ile.

Mfanyabiashara, Majengo

Ndugu mhudumu, asante kwa kulileta hili. Nitasema upande wa sokoni tu, maana ndiko ninakoshinda.

Anza na maji. Dodoma ni nchi kavu, mvua ni ya msimu mmoja, na bomba likikatika mtu ananunua maji kwa dumu kutoka kwa wenye mikokoteni. Ndoo ya mlangoni yenye wateja wengi haimalizi asubuhi, na anayeijaza ni mwenye kibanda kwa fedha yake, pamoja na sabuni, ambayo nayo ilikuwa ikiondoka na wapitao. Mwanzoni tulijaza kwa hofu, kisha tukajaza kwa kuogopa kufungiwa, na ukaguzi ulipokoma hakukuwa na mtu aliyesema gharama hiyo ibebwe vipi. Ningeshangaa sana kama ndoo zingedumu.

Barakoa nazo nilizitazama kwa karibu. Kwenye geti la ofisi moja ya umma ilikuwepo amri kwamba asiyevaa haingii, na nje ya geti watu walikuwa wakiazimana: anayetoka anaivua, anampa anayeingia, naye anaivaa ikiwa bado na unyevu wa pumzi ya mwenzake. Mlinzi aliona na hakusema neno, kwa kuwa alichotumwa kukagua ni kitambaa usoni. Yule mama aliyeazima barakoa hakuwa mkaidi hata kidogo, kwa maana alitii amri kama alivyoielewa, na hakuna aliyemweleza kwamba kinachozuiwa ni mate na hewa itokayo kinywani na puani mwa mtu. Naamini angeelezwa hivyo asingeivaa ya mwingine.

Mwalimu wa Sekondari, Chamwino

Ninakubaliana na kaka wa Majengo kuhusu gharama, lakini naona tunaacha jambo kubwa zaidi. Watu walifuata kauli walizozisikia, na kauli zilibadilika.

Mwezi Mei 2020 takwimu za kitaifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo wananchi hawakupewa hesabu nyingine kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwezi Juni, Rais John Magufuli alitangaza kwamba ugonjwa umekwisha nchini kwa maombi ya Watanzania, na mwisho wa mwezi huo shule zote zilikuwa zimefunguliwa. Mwananchi wa Chamwino aliyeondoa ndoo yake wakati huo alifanya jambo la akili kwa taarifa alizokuwa nazo. Mwanzoni mwa 2021, maaskofu Wakatoliki waliwatahadharisha waumini kwamba ugonjwa bado upo na kuwataka wajikinge, kwa hiyo mtu mmoja akawa anasikia sauti mbili katika juma moja, zote kutoka kwa watu anaowaheshimu. Alipofuata ile iliyomruhusu kuendelea na maisha yake, mimi siwezi kumlaumu.

Halafu ikaja zamu ya chanjo. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 akachanjwa hadharani kuzindua kampeni, chanjo ya kwanza ikiwa ile ya Janssen ya dozi moja, zaidi ya dozi milioni moja. Lakini watu wale wale walikuwa wametoka kusikia kwa miezi mingi kwamba chanjo za kigeni ni za kutiliwa shaka, na hapo hapo wakakabidhiwa fomu ya ridhaa ya kusaini kabla ya kuchomwa sindano, kitu ambacho hawakukizoea kwenye chanjo za watoto wao. Nina vijana niliowafundisha ambao walinijia waziwazi na uvumi wa ugumba, wasichana kwa wavulana, na hofu yao ilikuwa ya kweli hata kama chanzo chake kilikuwa uongo. Nilichojifunza kwao ni kwamba mtu mwenye hofu ya namna hiyo hahitaji kuambiwa kuwa ni mjinga. Anahitaji mtu anayemfahamu, aliyechanjwa yeye mwenyewe, akae naye amjibu swali moja baada ya jingine hadi maswali yaishe.

Ndiyo maana naamini mambo yalibadilika pale chanjo zilipoacha kusubiri watu hospitalini zikawafuata minadani, makanisani, misikitini na nyumba kwa nyumba. Hadi mwaka 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania wote walikuwa wamekamilisha chanjo, na watu hao ni wale wale walioitwa wabishi mwaka 2021.

Muuguzi Mstaafu, Kongwa

Marahaba, mwanangu wa Bahi. Mwalimu amesema vizuri, ila simuungi mkono anapoiweka kauli ya viongozi mbele ya kila kitu, kwa kuwa nimefanya kazi kwenye ugonjwa ambao viongozi wote walikuwa na kauli moja na bado watu hawakubadilika upesi.

Kongwa tumeishi na trakoma kwa vizazi. Ni ugonjwa wa macho unaosababishwa na bakteria, unahama kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi wanaofuata matongo kwenye nyuso za watoto, na ukirudiarudia kwa miaka kope hujikunja kwa ndani zikakwaruza jicho hadi mtu mzima akapofuka. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamekuwa wakija hapa kuuchunguza, na ujumbe wa siku zote ukawa mwosheni mtoto uso. Akina mama walikuwa wakitusikiliza kwa adabu, wakirudi nyumbani hawafanyi. Tulidhani ni uzembe, mpaka tulipowauliza, wakatuambia kwamba maji yanachotwa mbali, na maji ya ndooni ni ya ugali na ya kunywa, sasa nani atayamwaga kwa ajili ya nyuso zitakazochafuka tena kabla ya adhuhuri?

Hapo tukaacha kuhutubia. Tulikuwa tukikaa uwanjani na kikombe kimoja cha maji, mama mmoja anamimina kidogo kidogo kwenye kiganja cha mwenzake, mtoto mmoja ananawishwa, anakuja wa pili, anakuja wa tatu, na kikombe bado kina maji huku akina mama wakihesabu kwa sauti. Kile walichokiona kilifanya kazi kuliko mabango yetu yote. Tukagundua vilevile kwamba mama peke yake hana uamuzi wa mwisho juu ya matumizi ya maji, kwa hiyo tukawaita na akina baba na mabibi.

Kwa hiyo nikija kwenye corona nasema hivi: watu hawakuwahi kuonyeshwa. Ndoo kubwa ya koki inamwaga maji mengi, wakati kibuyu chirizi cha dumu dogo lenye tundu, unalolivuta kwa kamba na mguu, kinatoa kiasi cha kutosha tu na kila kaya inaweza kukitengeneza bila kununua kitu. Kile kingebaki milangoni.

Na niseme jambo la nyungu, kwa sababu linawagawa watu. Kujifukiza kulipendwa kwa kuwa kulifanyika nyumbani, kwa majani yanayojulikana, chini ya mkono wa bibi au mama, na mgonjwa alihisi ameangaliwa. Mvuke hauui kirusi cha corona, na maji yale yanaunguza watu, hasa watoto, kwa hiyo siwezi kuushauri kama tiba. Lakini mhudumu anayeanza kwa kukejeli nyungu amefungiwa mlango. Mimi nilikuwa nasema, bibi, kwa kuwa wewe ndiye unayemuuguza, mtenge kwenye chumba chenye dirisha wazi, ahudumiwe na mtu mmoja tu, nawa kila utokapo kwake, na akianza kuhema kwa shida usingoje kukuche, mleteni. Bibi akipewa kazi ya maana anaifanya kwa moyo wote.

Mhudumu wa Afya, Bahi

Nashukuru sana, Mama, na wengine wote. Hilo la kikombe nitaanza nalo. Limebaki moja linaloniogopesha kuliko yote, nalo ni misiba. Kijijini kwetu asiyefika msibani amejitenga na watu, na hakuna tangazo lililowahi kuwazuia.

Mzee wa Kanisa, Mvumi

Mwanangu, usijaribu kuwazuia kufika. Sisi tulipojaribu mwaka 2020, watu walikuja usiku.

Kwanza tofautisha magonjwa, kwa sababu watu wakikamatwa kwa katazo lisilo na maana hawatasikia lenye maana. Kwa corona hatari kubwa ilikuwa walio hai kubanana ndani ya nyumba, wakiimba na kulia usiku kucha, kwa hiyo tulihamishia watu uwanjani chini ya miti, ibada tukaifupisha, na chakula kikapakuliwa na watu wachache walionawa badala ya kila mtu kuchota kwenye sinia moja. Hayo yalikubalika. Kwa Marburg au Ebola ni jambo jingine kabisa, maana mwili wenyewe wa marehemu unaambukiza kwa majimaji yake, na hapo kuosha na kugusa lazima waachiwe waliofunzwa na wenye mavazi ya kinga, bila mjadala.

Mjadala huo usifanyike siku ya msiba, jeneza likiwa mlangoni. Mwombe mtendaji wa kijiji aitishe kikao sasa hivi, wakati hakuna mgonjwa, awaite wazee wa koo, mchungaji, padri, shehe na akina mama wanaoosha miili, mkubaliane nani ataingia, nani ataomba akiwa hatua chache kutoka kaburini, na ni ndugu gani wa marehemu atasimama kushuhudia kwamba mtu wao amezikwa kwa heshima. Yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na wasaini. Ukihitaji mtu wa upande wa kanisa wa kuja kuzungumza nao huko Bahi, nitumie ujumbe, nitakuja.