Korola ya Babu na ndizi za kipaimara

*Kikundi: UKOO WA MARANGU*

Alhamisi

18:52 Baba Neema: Habari za jioni ukoo. Shikamoo baba, shikamoo dada. Naomba niseme mapema, Korola sina uhakika nayo Jumamosi. Leo nashuka kutoka Marangu, kabla ya kufika Himo pedeli ikaingia mpaka chini. Nimepampu pampu ndiyo ikashika.

18:53 Shangazi Ndeonasia: Marahaba. Sasa ndizi za Babu zitashukaje?

18:53 Mama Neema: Wifi, mume wangu kanusurika mtaroni, wewe unauliza ndizi 😂

18:54 Shangazi Ndeonasia: Si anaandika? Basi mzima. Kipaimara Jumapili, wageni wote hao mtori tutapika wa mawe?

18:57 Baba Neema: Halafu uani kwangu ni oili tupu. Fundi wa hapa Pasua kaja kumulika na tochi. Anasema ni sili ya krenki ya nyuma, ile raba inayozuia oili isitoke nyuma ya injini, kwa hiyo injini ishushwe. Na kwamba hiyo oili ndiyo imeingia kwenye breki za nyuma.

19:03 Godi Unga Ltd: Shikamooni wakubwa. Baba mdogo, hela usitoe kwanza. Ile Korola 110 injini iko mbele na inavuta mbele. Oili ya injini inafikaje kwenye breki za nyuma, inapanda daladala?

19:03 Happy: 😂😂😂

19:04 Godi Unga Ltd: Nijibu mawili. Ukikanyaga breki ukashikilia, pedeli inazama taratibu, au inaenda chini moja kwa moja na ukipampu inapanda? Na kile kikopo cha mafuta ya breki kimejaa?

19:09 Baba Neema: Inaenda moja kwa moja, nikipampu inapanda. Kikopo kiko chini ya MIN, na wiki iliyopita niliongeza.

19:11 Godi Unga Ltd: Basi yanatoka nje. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, ikifa kwa ndani, mara nyingi pedeli inazama polepole mguu ukiwa juu yake, na kikopo hakipungui. Wewe kinapungua. Kuna sehemu inavuja, na naweka dau ni nyuma kwenye dramu, ile sufuria ya chuma ya breki ndani ya tairi.

19:14 Mjomba Eliya: Mimi naona aongeze hata ile oili ya stelingi kidogo imfikishe Jumapili. Mafuta ni mafuta.

19:14 Godi Unga Ltd: MJOMBA HAPANA

19:16 Godi Unga Ltd: Samahani kwa herufi kubwa. Raba za breki zimetengenezwa kwa mafuta ya breki tu, DOT 3 au DOT 4. Ukitia oili ya stelingi au ya injini, zile raba zinavimba kama andazi. Zikivimba breki zinang'ang'ania au zinakufa kabisa, na hapo hausafishi, unabadilisha kila kitu chenye raba: masta, silinda za matairi, mipira ya kalipa, hozi. Kijiko kimoja kinatosha kukupa hasara hiyo.

19:17 Mjomba Eliya: Haya bwana, nilikuwa nachangia mawazo tu.

19:21 Babu Marangu: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:08)

19:26 Happy: Kwa wasio na bando: Babu anasema mteremko ule ameushuka tangu gari ikiwa mpya kwake, anaweka nyutro, gari inajishukia yenyewe na petroli hailiwi. Anasema vijana mnakanyaga breki hovyo. Sehemu iliyobaki anaulizia mbuzi.

19:33 Godi Unga Ltd: Shikamoo Babu. Kwa heshima zote, nyutro ndiyo inayoua breki. Gari ikiwa huru, uzito wote unabebwa na breki peke yake, mpaka zinanuka. Weka gia ndogo, 2 au L, injini yenyewe ivute nyuma. Na petroli: injini ya EFI, inayopuliziwa petroli kwa kompyuta, ikishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, inakata petroli kabisa. Ni kwenye nyutro ndiko inaendelea kunywa ili isizime.

19:35 Godi Unga Ltd: Halafu mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inatakiwa ivumilie joto la angalau 205°C kabla ya kuchemka. Yakishalowa maji, kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inakwenda, gari haisimami. Mafuta ya kwenye hiyo Korola yana umri gani?

19:36 Baba Neema: Sijawahi kuyaona yakibadilishwa.

19:36 Mama Neema: Na stika ya Nenda kwa Usalama ipo kwenye kioo 🙄

19:40 Godi Unga Ltd: Usiku huu tandika maboksi chini ya gari, mbele mpaka nyuma. Asubuhi yapige picha. Usiiwashe.

Ijumaa

06:48 Baba Neema: 📷 Picha
06:49 Baba Neema: Mbele, chini ya injini, kuna matone meusi. Nyuma tairi la kushoto kuna alama ndogo, kama maji ya njano. Tairi lenyewe limelowa upande wa ndani.

06:55 Godi Unga Ltd: Chukua tone la huko nyuma, litie kwenye kikombe cha maji.

06:56 Mama Neema: Vikombe vyangu visiguswe. Tumia kopo.

07:02 Baba Neema: Limepotea kwenye maji. Lile jeusi linaelea juu.

07:05 Godi Unga Ltd: Umemaliza. Linaloelea ni oili, lililochanganyika ni mafuta ya breki. Wili silinda ya nyuma kushoto, ile pampu ndogo ya breki ndani ya tairi, imeachia. Bahati yako breki zimegawanywa njia mbili, moja ikifa nyingine inakushikilia kidogo. Jana umerudi kwa hiyo nusu.

07:06 Shangazi Ndeonasia: Yesu wangu. Na alikuwa na mtoto ndani.

07:12 Godi Unga Ltd: Gari isitoke uani hata kwenda dukani. Nakuja na basi la Kosta kutoka Arusha leo mchana. Tunabadilisha wili silinda pande zote mbili, ya kulia ina umri uleule. Lainingi, zile pedi za breki za nyuma, zilizolowa usikubali mtu akuoshee na petroli, zikishanywa zimekwisha, tunaweka seti mpya. Vumbi la dramu msilipulize kwa mdomo, tunafuta na kitambaa kibichi. Kisha tunatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, tunaanza na tairi la mbali na masta, hilohilo la nyuma kushoto, mpaka mafuta mapya yatoke tairi zote nne.

07:15 Baba Neema: Na injini? Fundi anapita saa nne.

07:21 Godi Unga Ltd: Mwambie asubiri. Oili inatiririka kwenda chini, na upepo wa mwendo unaisukuma nyuma. Hivyo gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja, huko chini utaapa ni sili ya krenki. Tunaosha injini, tunaiwasha, tunaangalia pa kwanza kulowa. Tunakagua na vavu ya PCV, ile ya kupumulia. Ikiziba, presha inatafuta mlango na kusukuma oili kwenye sili hata nzima. Mara ngapi unasikia harufu ya kuungua ukisimama?

07:22 Mama Neema: Kila siku! Nilidhani ni jirani anachoma taka.

07:24 Godi Unga Ltd: Hiyo ni oili inadondokea kwenye ekzosti. Tapeti kava hiyo, karibu nina uhakika. Gasketi ni kazi ya asubuhi moja, hakuna kushusha injini. Na asikupakie silikoni nyingi, vipande vinaangukia ndani na kuziba chujio la sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ila leo breki kwanza. Oili unaweza kuipima na dipstiki, kile kijiti cha kupimia, kila asubuhi ukaongeza. Breki huiongezei, unaitengeneza.

07:31 Mjomba Eliya: Kwa hiyo ndizi?

07:31 Shangazi Ndeonasia: ASANTE Eliya.

07:38 Baba Neema: Nimeongea na mwenye Noah wa Kiboriloni. Anapanda kesho alfajiri, anachukua ndizi na Babu pamoja. Naomba tuchangie mafuta yake.

07:40 Babu Marangu: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:11)

07:41 Happy: Anasema huyo dereva asiweke nyutro.

07:41 Mama Neema: 😂😂😂 Godi, ukitoka pitia soko la Kilombero uniletee vitunguu, huku vimepanda.

07:44 Godi Unga Ltd: Sawa mama mdogo. Wili silinda 2, lainingi seti, DOT 3 kopo lililofungwa, gasketi, vitunguu. Vya breki baba mdogo ananitumia kwa simu sasa hivi. Vitunguu nani?

07:52 Shangazi Ndeonasia: Mimi. Ongeza na hoho.